Pikapu ya marehemu na injini ya Hiace

Mzee wetu wa safu, baba alifariki mwaka juzi akatuachia pikapu, Land Rover 109 Series III ya petroli, aliyobebea samaki na nazi miaka mingi. Sasa inakunywa mafuta na inachemsha kabla sijafika Nangurukuru, ingawa mzee alishaifunga rejeta ya Isuzu. Fundi anataka tuweke injini ya dizeli, 1HZ ya Land Cruiser, nibebe ufuta kutoka Liwale. Pesa ninayo, ya korosho. Lakini ba'mdogo anasema nikiitoa injini ya baba nitakuwa nimemzika mara ya pili. Dada zangu wawili wanataka gari liuzwe chuma chakavu tugawane. Mama amenyamaza. Nifanyeje?
Mwenye Pikapu, Kilwa Kivinje

Mwanangu, umejiita Mwenye Pikapu, na hilo ndilo la kwanza kulirekebisha. Gari bado ni la marehemu. Mama yako ana thumuni yake ndani ya chuma hicho, dada zako wana mafungu yao, nawe una lako. Ukimwaga humo pesa za korosho zako leo, likianza kunguruma vizuri mtabishana thamani iliyoongezeka ni ya nani. Kaeni kikao cha ukoo, muhtasari uandikwe, mteueni msimamizi wa mirathi, akathibitishwe Mahakama ya Mwanzo. Gari lithaminiwe likiwa bovu hivi hivi, kisha wanunulie wenzako mafungu yao. Na mama usimhesabie kimya chake kuwa ni ndiyo. Kaa naye peke yenu umuulize.

Ba'mdogo namwelewa. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, safari ya Dar ilikuwa ya kivuko cha Ndundu na tope la masika, na mwenye 109 alikuwa mtu wa kuombwa. Lakini rejeta ya Isuzu aliifunga nani? Mzee alikuwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara hufunga kinachopatikana. Mkumbushe hilo kwa adabu, jioni, si mbele ya watu.

Sasa gari lenyewe. Usinunue hata boliti kabla ya kuingia chini yake na nyundo. Bodi ya Land Rover ni alumini, haili kutu kama bati, kwa hiyo kwa nje gari linaweza kukudanganya miaka ishirini. Chasisi ni chuma. Na gari hili limebeba samaki: maji ya barafu yenye chumvi yamekuwa yakichuruzika kutoka kwenye bodi ya nyuma hadi kwenye chasisi miaka yote hiyo. Gonga kuanzia zinaposhikwa springi za nyuma mpaka mwisho. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kwa sauti butu, na pengine nyundo inapenya. Ikipenya sehemu nyingi, dada zako wana hoja, ila msiuze kwa kilo. Milango, ekseli na gia boksi za 109 bado zina watu wanaozitafuta.

Chasisi ikiwa nzima, tugombane na fundi wako. Injini uliyonayo ni ya cc 2,286, nguvu za farasi kama 70, na gia boksi, shafti na breki vyote vilipimwa kwa nguvu hiyo. 1HZ ina pistoni sita, cc 4,164, na farasi wake wanakaribia mara mbili ya hao. Ni ndefu, kwa hiyo rejeta itasogezwa mbele au ukuta wa mbele ya miguu yako utakatwa. Ni nzito, na springi za mbele zitalala. Kisha siku moja, umejaza ufuta, unatoka kwenye mchanga wa barabara ya Liwale kwa gia ya kwanza, gia boksi itasaga meno. Fundi hatakuwepo.

Mimi ningefunga 3L, ile ya Hiace na Hilux. Pistoni nne, cc 2,779, farasi kama 90, haina taabo wala kompyuta. Hiace zimekuwa daladala za nchi hii kwa miaka, hivyo pampu, nozeli na gasketi zake utavipata Lindi mjini bila kuagiza Kariakoo. Wapenzi wa Land Rover watakuambia utafute 200Tdi, na kiufundi wana haki kabisa, kwa sababu inakaa kwenye gia boksi ya Series karibu bila kuchonga kitu. Ila ina taabo, na spea zake utazifuata mbali. Gari la biashara huchaguliwa kwa spea.

Kwa 3L utahitaji pleti ya kuunganisha injini na gia boksi. Hiyo mpe mkereza vyuma mwenye mashine, si mtu wa kukata kwa gesi na kupima kwa jicho. Senta ikikosewa kidogo tu, beringi ya shafti ya gia boksi itaanza kulia na klachi haitadumu. Tangi lioshwe petroli yote, livutwe bomba la kurudisha dizeli, na ifungwe filta yenye kikombe cha kutegea maji.

Breki ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Ni za ngoma magurudumu yote manne, na gari litakuwa na mwendo ambao halikuwahi kuwa nao. Kama lina sevo, ujue inavuta upepo kutoka kwenye injini ya petroli, na dizeli haina mvuto huo. Kwenye 3L, pampu ya kuuleta mvuto huo imekaa nyuma ya alteneta. Muuzaji akikuuzia injini bila alteneta yake, iache. Pesa utakayookoa kwa kutonunua 1HZ itie kwenye breki mpya, mipira na mabomba yote.

La mwisho ni kadi. Namba ya injini imeandikwa humo, na jina ni la baba. Msimamizi akishapatikana, badilisheni jina, kisha peleka TRA risiti ya injini mpya wasajili mabadiliko, na bima uifahamishe, maana ajali ikitokea namba hiyo ndiyo itakayoangaliwa kwanza. Injini ya zamani isiuzwe mpaka kadi mpya iwe mkononi. Iwekeni kwa ba'mdogo, ipakwe grisi, ifunikwe turubai.