Viwanda Vidogo Ndani ya Mwili

Mtoto akila ndizi tumbo likajaa, hapa Izimbya tunasema ameshiba. Sawa, lakini je, anakua? Tuangalie ndani ya mwili wake.

Mwili umejengwa kwa seli, yaani chembe hai ndogo sana. Ndani ya seli mna vitu vidogo zaidi, vinaitwa ribosomu. Mtaalamu George Palade alivieleza mwaka 1955, baada ya kuviona kwa darubini ya elektroni. Seli moja tu yaweza kuwa navyo mamilioni!

Ribosomu ni viwanda vya protini, na protini ndiyo hujenga mwili. Viwanda hivi viko wapi? Vingine huelea katika ute wa seli, na protini zake nyingi hutumika humo humo. Vingine vimeshikamana na utando uliokunjwakunjwa karibu na kiini cha seli. Hivi hutengeneza hasa protini za kupelekwa nje, kama zile za maziwa ya mama. Kumbe hata jani la mgomba lina ribosomu.

Basi, kiwanda hakiendi bila malighafi. Malighafi ya ribosomu hutoka katika protini tunazokula, na ndizi zina protini kidogo mno. Wazee wetu walichanganya ndizi na maharage, wakafanya vizuri. Ila siku hizi wengine humpa mtoto ndizi na mchuzi mtupu, maharage wanakula wakubwa! Apewe maharage yaliyopondwa, au dagaa waliosagwa. Senene pia wana protini nyingi. Na mama anayenyonyesha ale vivyo hivyo.