Kupanga Mifuatano ya DNA na Kuipaka Rangi

Mada: Jenetiki – Mabadiliko ya jeni

Ukipewa mifuatano ya DNA ya watu wanne na kuambiwa uonyeshe tofauti zao, usikimbilie penseli za rangi. Rangi haigundui tofauti. Huonyesha tu ile ambayo upangaji umeshaiweka wazi. Ukipanga vibaya, utapamba jibu lisilo sahihi.

Tutumie jeni ya beta-globini, yenye maelekezo ya kutengeneza sehemu ya himoglobini. Hizi ni herufi zake chache, kuanzia kodoni ya 4:

1. ACTCCTGAGGAGAAGTCT (kawaida)
2. ACTCCTGTGGAGAAGTCT
3. ACTCCTAAGGAGAAGTCT
4. ACTCCTGGGAGAAGTCT

Wanasayansi hufanya kazi hii kwa kompyuta. Katika programu ya IGV, A ni kijani, C ni buluu, G ni rangi ya machungwa na T ni nyekundu. Ina desturi moja inayofaa kuigwa: besi inayofanana na ya mfuatano wa rejea huachwa kijivu, na isiyofanana ndiyo hupakwa rangi. Jicho linakwenda moja kwa moja panapohusika. Wewe kwenye chumba cha mtihani pengine una kalamu moja tu, basi weka nukta panapofanana na uandike herufi pasipofanana. Hata mwenye penseli zote aandike herufi ndani ya rangi. Mtu mwenye upofu wa rangi (umeusoma kwenye sifa zinazofuata kromosomu ya X) anaweza asitofautishe nyekundu na kijani.

Mstari wa 2 na wa 3 ni rahisi kwa sababu kila mmoja una herufi 18 kama wa kwanza. Katika wa 2, herufi ya 8 imebadilika kutoka A kuwa T. Kodoni ya 6, GAG, imekuwa GTG, na asidi ya glutamiki imekuwa valini. Huo ndio ugonjwa wa selimundu kwa mwenye nakala mbili. Katika wa 3, herufi ya 7 imetoka G kuwa A, na kodoni ileile sasa ni AAG, yaani lisini. Hiyo ni himoglobini C.

Mstari wa 4 ndio unaopoteza alama. Hesabu kwanza: una herufi 17. Ukiupaka rangi bila kuupanga, utahesabu tofauti 8 na herufi moja ya mwisho itakosa mwenzake. Sasa weka kistari mahali pa herufi ya 8:

ACTCCTGAGGAGAAGTCT
ACTCCTG-GGAGAAGTCT

Tofauti zote zimeyeyuka, imebaki moja: A imedondoka.

Usiishie hapo, maana kistari ni chetu sisi, ribosomu haikioni. Yenyewe husoma herufi tatu tatu (kwenye mRNA, T ni U), hivyo baada ya ACT CCT inakutana na GGG AGA AGT, na kila asidi amino kuanzia hapo inaharibika. Kodoni ya 18 inageuka TGA, ambayo ni ya kukomesha. Mnyororo uliopaswa kuwa na asidi amino 146 unakatika baada ya 17, na matokeo yake ni thalasemia ya beta. Swali likisema "eleza athari", picha yenye kistari peke yake haitoshi.

Protini nazo hupakwa rangi, ila kwa tabia zake za kikemia. Katika mpango wa rangi uitwao Zappo, uliomo kwenye programu ya Jalview, asidi ya glutamiki yenye chaji hasi ni nyekundu, lisini yenye chaji chanya ni buluu, na valini isiyopenda maji ni waridi. Hapo sababu ya selimundu inaonekana: sehemu iliyopenda maji imekuwa isiyoyapenda, na oksijeni inapopungua molekuli za himoglobini hunatana na kuivuta seli iwe na umbo la mundu.

Zoezi (alama 4)

Mtu wa tano ana mfuatano huu: ACTCCTGAGAAGTCT.

(a) Upange chini ya mfuatano wa 1 ukitumia vistari vitatu, kisha taja asidi amino iliyopotea.

(b) Mwenzako ameweka vistari vyake kwenye kodoni ya 7 na wewe kwenye ya 6. Eleza kwa nini nyote wawili mnastahili alama.