Injini ya Posho Mili Ikikosa Nguvu, Tazameni Njia ya Moshi



Wengi wenu mna posho mili ya injini ya dizeli. Safari hii tujifunze juu ya egzosi, kwa sababu tumeona kikundi kimoja cha akina mama kikikaribia kumaliza akiba yote kununua pistoni na ringi, kumbe ugonjwa ulikuwa kwenye bomba.

Injini yao ni ya silinda mbili. Majirani walilalamikia kelele, basi bomba likapitishwa ukutani hadi nyuma ya nyumba. Fundi alitumia bomba jembamba alilokuwa nalo, akalipiga kona kali tatu. Tangu siku hiyo, mahindi yakimiminwa injini inalemewa, inatoa moshi mweusi, na dizeli inaisha upesi.

Kwa nini? Injini hupumua kama sisi. Moshi usipotoka vizuri, unabaki ndani ya silinda na kushika nafasi ya hewa safi. Hewa ikipungua, dizeli haiungui yote. Inakuwa masizi, na masizi yanazidi kuziba njia. Kwa hiyo bomba lisiwe jembamba kuliko tundu la kutokea moshi kwenye injini, na likiwa refu liwe pana zaidi. Kona ziwe chache, tena za kuzunguka polepole.

Tulingoja injini ipoe, tukafungua bomba, tukaiwasha dakika chache tu, milango na madirisha wazi, watu wakiwa nje. Nguvu ikarudi! Habari ya pistoni ikaishia hapo.

Lakini tuliona jambo la pili. Manifoldi, kile chuma kizito kinachokusanya moshi wa silinda zote, kilikuwa na ufa. Chuma cha namna hiyo hupasuka kikimwagiwa maji baridi kingali moto. Katika injini kama hii ufa mdogo hauondoi nguvu nyingi. (Lori lenye tabo ni habari nyingine, maana moshi ndio unaozungusha tabo: ukivuja, nguvu inapungua.) Hatari ni kwa watu. Ndani ya moshi mna kaboni monoksaidi, sumu isiyo na rangi wala harufu. Mwendesha mashine alikuwa akiumwa kichwa kila jioni, akidhani ni malaria.

Mkiona masizi kando ya gasketi, au mkisikia mlio wa tik-tik injini ikiwa baridi, simamisheni kazi. Gasketi ibadilishwe, nati zikazwe kuanzia katikati kwenda pembeni. Ufa wa manifoldi ukichomelewa kienyeji mara nyingi hufunguka tena. Afadhali kutafuta nyingine nzima.

Bomba la akina mama sasa ni pana, lina kona moja, na juu ya mdomo wake kuna kipande cha bati kilichoinuliwa ili mvua isiingie. Waliongeza sailensa inayolingana na injini. Majirani bado wananung'unika kidogo, lakini mahindi wanaleta.