Majina ya Mahali katika Mighani na Ngano za Usuli

Swali linapotaka umuhimu wa hadithi za jadi, watahiniwa wengi huandika: huburudisha, huelimisha, huunganisha jamii. Hoja tupu za aina hiyo huishia nusu alama. Zitolee mfano, na mfano mzuri huenda ni jina la mlima, ziwa au mtaa wa kwenu.

Chukua Simbi Nyaima, ziwa dogo la maji ya chumvi karibu na Kendu Bay, Kaunti ya Homa Bay. Kwa Kijaluo, jina hilo humaanisha Simbi iliyozama. Husimuliwa kuwa bikizee mmoja, hoi kwa safari, aliingia kijijini usiku watu wakinywa na kucheza ngoma. Wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyempokea na kumpa chakula. Bikizee akamwonya ahame na jamaa yake upesi. Walipoondoka, mvua kubwa ilinyesha na kijiji kikazama na wote waliosalia. Mwalimu wa Jiografia atakuambia kwamba hilo ni shimo la volkeno lililojaa maji, na hakosei. Katika Fasihi, hata hivyo, tunatazama kile jina linachohifadhi: kaida ya kumkirimu mgeni.

Hiyo ni ngano ya usuli, kwani inaeleza chanzo cha ziwa. Linganisha na Lwanda Magere wa Kano. Lwanda ni mwamba, na mwili wake, husemwa, haukupenya mkuki. Siri ya nguvu zake ilikuwa kivulini; mkewe aliyetoka kwa maadui akaifichua, akauawa, akageuka jiwe. Jiwe hilo huonyeshwa hadi leo. Wengi wakiona jiwe huandika "usuli" na kupoteza alama. Jiulize: kiini cha hadithi ni shujaa au ni chanzo cha kitu? Hapa kiini ni shujaa, kwa hivyo ni mighani.

Mvita, jina la kale la Mombasa, lina maelezo mawili. Wapo wanaolihusisha na Shehe Mvita, mtawala wa kale anayesimuliwa kuwa alianzisha ukoo mpya wa kutawala baada ya Mwana Mkisi. Wengine hulitoa katika neno "vita". Ukiulizwa, taja yote mawili: masimulizi hubadilika kwa kutegemea fanani, na hiyo ni sifa ya fasihi simulizi.

Zoezi

Mzee mmoja wa Seme alilipenda jabali moja hata akawa anashinda pangoni mwake kutwa, mkewe akimpelekea chakula. Mke alipoulizwa mumewe alikokwenda, alijibu, "Kwa mke wake wa kwanza." Mawe hayo yakaitwa Kit Mikayi, yaani jiwe la mke wa kwanza.

(a) Bainisha kipera cha hadithi hii na utoe sababu. (alama 2)
(b) Eleza mambo mawili kuhusu jamii yanayodhihirika katika jibu la mke. (alama 4)
(c) Simulia kwa ufupi asili ya jina la mahali unapotoka. (alama 4)