Somo kwa Shule za Mipakani: Mwanafunzi Anapozidiwa na Dawa za Kulevya



Heroini, tramado na dawa ya kikohozi yenye kodeini ni za jamii moja, ile ya afyuni. Zikizidi mwilini huulaza ubongo hata pumzi ikafifia. Kinachoua ni kukosa hewa. Kwa hiyo mwokozi wa kwanza ni yule aliye karibu: mwalimu, matroni, mpishi au mlinzi wa usiku. Tangu mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba wanaoweza kushuhudia janga hilo wafundishwe na wapatiwe naloksoni, dawa inayozima nguvu ya afyuni.

Dalili ni tatu: haamki akitikiswa, anapumua kwa nadra au kwa kukoroma, mboni za macho zimesinyaa mithili ya ncha ya sindano. Asidhaniwe amelala.

Huduma ya afya iitwe mara moja. Alazwe chali, kidevu kiinuliwe, pua ibanwe, apuliziwe mdomoni pumzi moja kila sekunde 5. Naloksoni ikiwapo, apewe na aliyefunzwa. Akianza kupumua alazwe ubavu, wala asiachwe peke yake, maana nguvu ya naloksoni huisha baada ya dakika 30 hadi 90, na hatari yaweza kurejea. Maziwa asinyweshwe; yatampalia.

Wapo wanaochelewa kuita msaada kwa kutuogopa sisi polisi. Tunawasihi: mtoto avute pumzi kwanza, maswali yetu yatasubiri.