SOMO LA BUSTANI: MICHE YETU ISIFE KITALUNI



Wewe unayeishi Mantapala, makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa wilayani Nchelenge mwaka 2018, pengine ulikuwa mkulima huko Kongo. Hatutaki kukufundisha kulima. Lakini huko kwenu, mbegu zikiharibika, uliomba kwa jirani. Hapa jirani naye ana pakiti moja tu. Kwa hiyo kila mche una thamani.

Adui mkubwa wa miche ni kinyausi. Mche huota vizuri, kisha shina hulainika na kunywea pale linapogusa udongo, nao huanguka. Ugonjwa huu huletwa na ukungu uliomo udongoni. Hupenda maji mengi na miche iliyosongamana. Mche ukishaanguka hauponi. Basi zuia mapema:

1. Chagua mahali ambapo hapakuwa na nyanya, bilinganya wala pilipili. Inua tuta kiasi cha sentimita 15 ili maji yasituame. Debe kuukuu lililotobolewa chini linafaa pia.

2. Changanya udongo na samadi iliyooza kabisa. Karibu na Ziwa Mweru, penye mchanga mwingi, ongeza samadi.

3. Choma nyasi kavu juu ya tuta ili kupunguza vijidudu. Ngoja lipoe.

4. Sia mbegu kwa mistari, kina cha sentimita 1. Usizimwage ovyo. Funika kwa nyasi, na uziondoe mara miche inapochomoza.

5. Punguza miche, kati ya mmoja na mwingine ubaki upana wa vidole viwili.

6. Mwagilia asubuhi, si usiku. Gusa udongo kwanza: ukiwa bado na unyevu, usiongeze maji.

7. Jenga kichanja chepesi cha kivuli. Wiki ya mwisho kiondoe na upunguze maji, ili miche izoee jua.

Nyanya na kabichi huhamishwa baada ya wiki 4 hadi 6, vitunguu baada ya wiki 6 hadi 8. Hamisha jioni, mche ukiwa na udongo kwenye mizizi yake.

Wakati mzuri wa kuanza ni mwezi wa 4, mvua zinapopungua. Usisie pakiti yote siku moja. Weka nusu akiba mahali pakavu: kitalu cha kwanza kikifa, bado una mbegu.