Dawa ya Kafeini na Pumzi ya Mtoto Njiti

Wako watu hapa Ipagala waulizao: Yawezekanaje waganga wampe mtoto njiti dawa iliyo ndani ya chai na kahawa, nasi twafundishwa kwamba mtoto mchanga asipewe kitu ila maziwa ya mama? Na tulitazame neno hili kwa utaratibu, maana asiyelifahamu aweza kumpoteza mtoto.

1. Mtoto njiti ni nani? Ni yule azaliwaye kabla ya kutimia wiki 37 za mimba. Sehemu ya ubongo iamrishayo pumzi haijakomaa bado, basi mtoto huwa kama asahauye kupumua. Pumzi ikikatika zaidi ya sekunde 20, moyo hupunguza mwendo, na midomo na ulimi hugeuka rangi.

2. Kafeini yafanya nini? Mwilini mna kitu kiitwacho adenosini, ambacho huutuliza ubongo. Kafeini hukizuia, na ubongo hukesha ukiamrisha pumzi. Watoto 2,006 wenye uzito wa gramu 500 mpaka 1,250 walijaribiwa katika nchi kadha wa kadha, na habari zao zikatangazwa mwaka 2006 na 2007. Katika kila 100 waliopewa kafeini, wapata 36 walikuwa wakihitaji oksijeni hata wiki ya 36 ya umri wao tangu mimba. Wasiopewa walikuwa wapata 47. Tena waliopona pasipo ulemavu walizidi.

3. Je, itolewe kabla pumzi haijakatika? Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri kafeini kwa njiti ambao pumzi yao hukatika. Kwa kuzuia, lilisema kwa hadhari kwamba yaweza kufikiriwa kwa waliozaliwa kabla ya wiki 34. Kwa hiyo mganga ndiye apimaye na kuamua.

4. Mbona si kikombe cha nyumbani? Dawa ya hospitali hupimwa kwa miligramu kulingana na uzito wa mtoto, naye huangaliwa usiku na mchana. Chai haina kipimo. Tena mtoto asiyejua kumeza hupaliwa. Basi mtu asimnyweshe kamwe.

5. Yatupasa nini? Mtoto akizaliwa kabla ya siku zake, awekwe kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, avikwe kofia, afunikwe, hasa katika baridi ya Juni na Julai. Pumzi ikikatika, asuguliwe mgongo taratibu. Apelekwe upesi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au ya Benjamin Mkapa, zilizo mjini kwetu Dodoma. Kifua cha mama si kitu kidogo: katika jaribio la nchi tano, Tanzania ikiwamo, lililotangazwa mwaka 2021, watoto waliozaliwa na uzito mdogo waliowekwa hivyo mara baada ya kuzaliwa walikufa 12 katika kila 100, waliongojeshwa mpaka hali itulie walikufa wapata 16.

Maswali ya kufundishia:
(a) Kwa nini njiti huacha kupumua?
(b) Dawa ya mganga na chai ya nyumbani zatofautianaje?
(c) Katika mtaa wako, ni nani atakayempeleka mama hospitali usiku? Jambo hili lipatanwe mapema, kabla haja haijafika.